Wanuer: Jamii iliyokuwa na sheria bila mtawala

WANUER ni jamii ya wafugaji inayoishi katika nyanda na vinamasi vya bonde la mto Nile nchini Sudan Kusini, na katika jimbo la Gambella magharibi mwa Ethiopia. Wenyewe hujiita Naath, yaani watu, na lugha yao huiita Thok Naath. Nchini Sudan Kusini ndiyo jamii ya pili kwa wingi wa watu baada ya Wadinka, ambao ni majirani zao, jamaa zao kwa asili na mahasimu wao wa tangu jadi.

Ni jamii chache sana za Kiafrika ambazo zimesomwa katika vyuo vikuu vya dunia kama Wanuer. Tangu mwaka wa 1940, karibu kila mwanafunzi wa anthropolojia, yaani taaluma ya jamii za wanadamu na tamaduni zao, amelazimika kusoma kitabu kilichoandikwa kuwahusu na Mwingereza E. E. Evans-Pritchard. Swali lililokizaa kitabu hicho ni jepesi kuuliza ila gumu kujibu: Je, watu wasiokuwa na mfalme, polisi, mahakama wala gereza huwezaje kuishi pamoja bila kumalizana?

Makala haya yanaeleza maisha ya Wanuer, jibu ambalo wao walilipa swali hilo, na yaliyolipata jibu lenyewe wakati bunduki, fedha na serikali zilipoingia katika nchi yao.

Asili na makao

Kwa asili, Wanuer ni Wanailoti wa Magharibi. Wako kundi moja na Wadinka, Waatwot, Washilluk, Waanuak, Waacholi na Wajaluo wa Kenya. Undugu huo haujafichika katika lugha. Neno thok kwa Kinuer lina maana ya kinywa au mlango, hivyo Thok Naath ni kinywa cha watu. Wajaluo nao huiita lugha yao Dholuo, yaani kinywa cha Waluo. Ukoo kwa Kinuer ni thok dwiel, maana yake mlango wa nyumba. Wajaluo huuita dhoot, neno lenye maana iyo hiyo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa hata sisi husema kwamba watu fulani ni wa mlango mmoja tunapotaka kusema kwamba ni wa nasaba moja.

Nchi ya Wanuer ni tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua inapoanza, takriban mwezi wa Mei, mito hufurika na maji hutandaa kwenye mbuga hadi upeo wa macho. Watu huhamia kwenye miinuko michache iliyopo, wakajenga vijiji na kupanda mtama. Kiangazi kinapoingia, nyasi hukauka, ardhi hupasuka na maji hutoweka. Hapo vijana hutangulia na mifugo kwenda kupiga kambi kando ya mito na madimbwi, na wazee hufuata baadaye. Huko huishi kwa maziwa na samaki mpaka mvua irudi tena.

Hakuna kimoja kati ya vitatu hivyo, yaani ng'ombe, mtama na samaki, ambacho kingeweza kuwalisha watu hao mwaka mzima. Ndiyo sababu hawakuweza kuishi mahali pamoja daima, na ndiyo sababu hakuna familia iliyoweza kujitenga na wenzake. Kiangazi watu wa vijiji mbalimbali walijikuta kwenye kisima kimoja, na aliyegombana na jirani yake wakati wa mvua alilazimika kukutana naye wakati wa jua.

Jamii hii imegawanyika katika makundi makubwa yenye maeneo yake. Magharibi mwa Nile kuna Wabul, Waleek, Wadok na Wanyuong, miongoni mwa wengine. Mashariki kuna Wagaawar, Walou na Wajikany. Makundi ya mashariki yalivuka mto katika karne ya 19, yakaenea hadi mto Sobat na mpaka wa Ethiopia. Katika safari hiyo yaliwapokonya Wadinka na Waanuak ardhi na mifugo, lakini pia yaliwameza wengi wao kwa kuoana nao na kuwafanya watoto wao. Kwa hivyo, familia nyingi zinazojiita za Kinuer leo zina mababu wa Kidinka.

Ng'ombe na utu

Anayetaka kuwaelewa Wanuer sharti aanze na ng'ombe. Kwa ng'ombe mtu alioa, alitambika, alilipa deni na kumaliza uhasama. Samadi ilikaushwa ikawa kuni, na majivu yake yakatumiwa kujipaka mwilini na kusafisha meno. Ngozi ilikuwa malazi. Lugha yao ina msamiati mpana ajabu wa rangi, madoa na maumbo ya pembe za ng'ombe.

Kijana alipofikia umri wa kuingia utu uzima alichanjwa chale sita za mlalo kwenye paji la uso, kutoka sikio hadi sikio. Desturi hiyo huitwa gaar. Baada ya kupona, baba yake alimpa maksai, na kijana akachukua jina kutokana na rangi ya mnyama huyo. Marafiki zake walimwita kwa jina hilo maishani mwake. Tangu siku hiyo alikatazwa kukama ng'ombe. Kazi hiyo iliachiwa wanawake, wasichana na wavulana wasiochanjwa, na kwa njia hiyo hata shujaa hakuweza kujilisha bila mama, dada au mke.

Mahari ya kawaida, kama ilivyoelezwa na wazee katika miaka ya 1930, ilikuwa ng'ombe 40, ijapokuwa waliotolewa mara nyingi walikuwa pungufu. Ng'ombe hao waligawanywa baina ya upande wa baba na upande wa mama wa bibi arusi, kila jamaa na fungu lake. Hivyo, ndoa moja iliwafunga watu wengi kwa kamba moja, nayo talaka ikawa jambo la kuwasumbua wengi, kwani kila mmoja angetakiwa kurudisha alichopokea.

Mila mbili za ndoa ziliwashangaza sana wageni. Ya kwanza ni ndoa ya marehemu. Mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake huoa mke kwa jina lake, na watoto wanaozaliwa huwa wa marehemu. Ya pili ni ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ambapo mwanamke, aghalabu tasa na mwenye mali, hulipa mahari na kuhesabiwa kuwa baba wa watoto wa mkewe. Mila ya pili haitakuwa ngeni kwa wasomaji wa Kenya, maana inajulikana pia miongoni mwa Wanandi, Wakamba, Wakisii na Wakuria. Katika zote mbili, shabaha ni kwamba jina la mtu lisifutike duniani.

Kuhusu imani, Wanuer humwita Mungu Kuoth, yaani roho, na makao yake ni juu mbinguni. Kulikuwa pia na roho ndogo zilizoweza kumpanda mtu na kumfanya nabii. Tambiko kuu lilikuwa la maksai. Asiyekuwa na mnyama aliruhusiwa kukata tango mahali pa ng'ombe, ingawa ilieleweka kwamba siku ya uwezo deni hilo litalipwa.

Mpangilio wa milango

Sasa turudi kwenye swali letu. Wanuer hawakuwa na mtu wa kuamrisha. Mzee aliheshimiwa kwa busara yake, kwa mifugo yake na kwa wingi wa jamaa zake, lakini hakuna aliyelazimika kumtii. Utaratibu ulitokana na jinsi koo na makazi yalivyogawanyika na kuungana.

Tuseme kijana wa kijiji kimoja amemjeruhi kijana wa kijiji cha pili. Vijiji hivyo viwili vitakabiliana. Lakini ikiwa mtu wa tarafa nyingine atakishambulia kimojawapo, vyote viwili vitasahau ugomvi wao na kusimama bega kwa bega. Tarafa hizo nazo zitaungana iwapo kundi kubwa jirani litazuka dhidi yao, na makundi yote ya Wanuer yaliweza kushirikiana dhidi ya Wadinka. Adui wa leo ndiye mwenzi wa kesho, kutegemea ni nani amesimama upande wa pili. Kwa sababu kila kundi lilikuwa na lingine la kimo chake, hakuna lililoweza kulitawala jingine kwa muda mrefu.

Hata silaha zilifuata mpangilio huo. Watu wa kambi moja walipopigana walitumia rungu, kwa kuwa mkuki ungeleta kifo na kifo kingeleta kisasi ndani ya nyumba. Mikuki ilitumika kati ya vijiji. Evans-Pritchard aliueleza utaratibu huu kuwa hali ya kukosa serikali yenye mpango wake, na maelezo hayo yakawa msingi wa nadharia iliyotumiwa baadaye kuzichunguza jamii nyingine nyingi, kutoka Somalia hadi milima ya Morocco.

Mwenye ngozi ya chui

Je, damu ilipomwagika? Hapa ndipo alipoingia kuaar muon, yaani mkuu wa ardhi, aliyetambulika kwa ngozi ya chui mabegani. Wazungu walimwita chifu, ingawa hakuwa na askari, hakuwa na kodi na hakuwa na uwezo wa kumfunga mtu. Alichokuwa nacho ni nyumba isiyovamiwa na ulimi uliohofiwa kwa laana yake.

Muuaji alimkimbilia huyo mara moja. Iliaminika kwamba damu ya marehemu imemwingia, na hakuruhusiwa kula wala kunywa mpaka mwenye ngozi ya chui amchanje mkononi ili damu itoke. Kisha alikaa katika boma hilo. Ndugu wa marehemu walizunguka nje wakimvizia, lakini ndani hawakuweza kumgusa. Katika kipindi hicho watu wa pande mbili hawakula pamoja wala kutumia chombo kimoja, kwa hofu ya kifo.

Hasira zilipopungua, mwenye ngozi ya chui aliwaendea jamaa za muuaji kuhesabu ng'ombe waliopo, kisha akawaendea wafiwa kuwasihi wapokee dia. Wafiwa walikataa, kwa sababu kukubali upesi ni kumdharau maiti wao. Aliwasihi tena na tena, akatishia hata kuwalaani, na mwishowe wakakubali kwa maelezo kwamba wanafanya hivyo kwa heshima yake, si kwamba wameona ng'ombe ni bora kuliko ndugu yao. Dia iliyotajwa ilikuwa ng'ombe 40 hadi 50, ambao mara nyingi walilipwa kidogo kidogo kwa miaka. Sehemu ya ng'ombe hao ilitumiwa kumwolea marehemu mke ili apate watoto wa kuliendeleza jina lake. Maisha yaliyokatwa yalirudishwa kwa maisha mengine.

Utaratibu huo ulikuwa na mipaka, na ni vyema kuieleza waziwazi. Dia ilitarajiwa ndani ya kundi moja, na kadiri makundi yalivyokuwa mbali ndivyo matumaini ya malipo yalivyopungua. Baina ya kundi na kundi haikuwepo. Dhidi ya Wadinka, uvamizi wa mifugo ulihesabiwa kuwa ushujaa. Aidha, dia ilimaliza vita bila kumaliza uchungu, na wazee walikiri kwamba kisasi hakifi kabisa. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo kila kifo kilikuwa na mwenyewe. Muuaji alijulikana, wadai wake walijulikana, na wote waliishi karibu mno kiasi cha kutoweza kununiana milele.

Mtafiti na wenyeji wake

Edward Evan Evans-Pritchard alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902. Alifika kwa Wanuer mara ya kwanza mwaka wa 1930 na kurudi mara kadhaa hadi mwaka wa 1936, akakaa huko jumla ya takriban mwaka mmoja. Aliishi katika hema kwenye kambi za ng'ombe, akajifunza lugha na kufanya kazi bila mkalimani. Mwaka huo wa 1936 alipitia pia Nyanza, akafanya uchunguzi mfupi kuhusu koo za Wajaluo. Vitabu vyake vitatu vikuu kuhusu Wanuer vilitolewa mwaka wa 1940, 1951 na 1956, cha kwanza kikihusu uchumi na siasa, cha pili undugu na ndoa, na cha tatu dini. Alikuwa profesa wa anthropolojia katika chuo kikuu cha Oxford tangu mwaka wa 1946 hadi mwaka wa 1970, akafariki mwaka wa 1973.

Mwenyewe aliandika kwamba wenyeji wake hawakumpokea kwa furaha. Alipouliza mtu jina la ukoo wake, alijibiwa kwa swali lingine, kisha lingine, mpaka akachoka. Wenyeji walikuwa na sababu. Utafiti huo ulifanywa kwa ombi la serikali ya kikoloni ya Sudan, ambayo ilikuwa imeshindwa kuwatawala watu wasiokuwa na mtawala wa kuagizwa. Miaka michache tu kabla ya kufika kwake, serikali hiyo ilikuwa imewashambulia Wanuer kwa majeshi na kwa ndege za vita. Katika safari yake ya kwanza, askari waliizingira alfajiri kambi aliyokuwa akiishi, wakiwatafuta manabii, na kuchukua mateka.

Yaliyobaki pembeni mwa kitabu

Mambo hayo yametajwa katika kitabu chake, lakini kwa ufupi. Msomaji hubaki na picha ya jamii tulivu isiyobadilika, kana kwamba mkoloni hakuwepo. Mwanahistoria Douglas H. Johnson, katika kitabu chake kuhusu manabii wa Kinuer kilichotolewa mwaka wa 1994, alionyesha ni mengi kiasi gani yaliyoachwa pembeni.

Nabii mashuhuri kuliko wote alikuwa Ngundeng Bong wa Walou. Mwishoni mwa karne ya 19 aliwakusanya watu wakajenga kilima kikubwa cha udongo na majivu, mfano wa piramidi, mahali paitwapo Wec Deang. Wakoloni walimwona mchochezi. Johnson, aliyewahoji wazee wengi, anaeleza kwamba Ngundeng alihubiri amani, akawakataza watu wake kupigana wao kwa wao na hata kuwashambulia Wadinka. Alifariki mwaka wa 1906. Mwanawe Guek alirithi nafasi yake, kilima kikashambuliwa kwa ndege na baruti, na Guek mwenyewe akauawa na majeshi ya serikali mwaka wa 1929. Fimbo takatifu ya Ngundeng, iitwayo dang, ilichukuliwa na hatimaye ikafika Uingereza. Johnson ndiye aliyeirejesha Sudan Kusini mwaka wa 2009, ambako ilipokelewa kwa shangwe.

Manabii hao wana uzito katika swali letu. Mwenye ngozi ya chui alipatanisha watu wa kundi moja. Nabii alikuwa na uwezo wa kuwaunganisha watu wa makundi mengi, hata wa makabila tofauti. Kwa kumwondoa, serikali iliondoa njia mojawapo ambayo Wanuer wenyewe walikuwa wakiijenga ya kupanua mipaka ya amani. Mahali pake iliweka machifu wa mishahara na mahakama za wilaya, na baada ya muda watu walizoea kwenda huko kudai ng'ombe wao.

Wasomi wa Afrika wajibu

Taaluma ya anthropolojia yenyewe ilifikishwa mbele ya wazee kujibu mashtaka. Mwafrika mmojawapo wa mwanzo kuitumia kwa faida ya watu wake alikuwa Jomo Kenyatta, aliyesoma London chini ya Bronislaw Malinowski, ambaye Evans-Pritchard pia aliwahi kuketi darasani kwake. Kitabu cha Kenyatta kuhusu Wagikuyu, kilichotolewa mwaka wa 1938, kiliwaambia Waingereza kwamba mila walizozidharau zilikuwa na mantiki, na kwamba ardhi waliyoichukua ilikuwa na wenyewe.

Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi kutoka Uganda aliyefundisha pia katika chuo kikuu cha Nairobi, alisoma anthropolojia Oxford wakati wa Evans-Pritchard. Alirudi akiwa na hasira. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichapisha kitabu cha kuwalaumu wasomi wa Magharibi kwa kuivika dini ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo ili ionekane yenye heshima. Mwaka wa 1973 kundi la wasomi, likiongozwa na Talal Asad, lilitoa mkusanyo wa makala uliochunguza jinsi taaluma hiyo ilivyoambatana na ukoloni.

Lawama hizo ni za haki. Lakini haki pia inadai tuseme kwamba wakati wakoloni wengi walimwona Mwafrika asiye na chifu kuwa mshenzi asiye na sheria, vitabu vya Evans-Pritchard vilithibitisha kinyume chake. Watoto na wajukuu wa Wanuer wa miaka hiyo wanaweza kusoma humo majina ya koo, kambi na matambiko ambayo vita vimeyavuruga tangu wakati huo.

Fedha, bunduki na serikali

Mtafiti aliyewarudia Wanuer nusu karne baadaye ni Mmarekani Sharon Hutchinson. Alianza kazi yake mwaka wa 1980, akarudi tena katika miaka ya vita, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1996. Alikuta vijana wakienda Khartoum kufanya kazi za ujenzi na kurudi na fedha za kununulia mifugo. Wanuer walikuwa wamebuni tofauti mpya kati ya ng'ombe wa fedha na ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wa mahari walidaiwa na jamaa wote, ilhali wa fedha walikuwa wa aliyewanunua. Fedha iliyopatikana kwa kusafisha vyoo vya mjini ilionekana chafu mno kumnunua ng'ombe wa kuolea.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa bunduki. Mkuki hurushwa na mtu anayeonekana, na anayeurusha anajua amemlenga nani. Risasi hutoka mbali, na katika vita vya wengi hakuna ajuaye ni ya nani iliyoua. Basi ni nani achanjwe mkono? Ni nani alipe, na amlipe nani? Vita vya pili vya Sudan vilivyoanza mwaka wa 1983 vililifanya swali hilo kuwa la kila siku. Makamanda, akiwemo Riek Machar ambaye ni Mnuer wa Wadok, walitafuta kuwashawishi wapiganaji kwamba kifo katika vita vya serikali hakina dia wala najisi, tofauti na kifo katika ugomvi wa nyumbani. Vita hivyo viliitwa koor kume. Neno kume limetokana na neno la Kiarabu la serikali, lenye asili moja na neno letu hukumu.

Hapo ndipo uzi ulipokatika. Kifo kilichokuwa na mwenyewe kikawa kifo cha serikali, na serikali haina ukoo wa kudaiwa. Jeshi la SPLA lilipogawanyika mwaka wa 1991, wafuasi wa Machar waliwaua raia wengi wa Kidinka mjini Bor, na katika miaka iliyofuata hata Wanuer walichinjana wao kwa wao. Kuwaua wanawake na watoto, jambo lililokuwa mwiko baina ya Wanuer wenyewe, kukaanza kutendeka.

Maksai mweupe wa Wunlit

Lakini mila haikufa. Mwezi wa Juni 1998, wazee wa Kinuer na wa Kidinka kutoka magharibi mwa Nile walikutana Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, kwa msaada wa baraza la makanisa. Kati ya Februari na Machi 1999 walikutana tena kwa wingi katika kijiji cha Wunlit, Bahr el Ghazal. Maksai mweupe alitambikwa. Kila upande ulisimama na kuyataja mabaya uliyotendewa, na upande wa pili ukasikiliza na kujibu. Kisha walikubaliana kurudisha mateka, kufungua malisho na kusamehe mauaji ya miaka ya vita. Sehemu kubwa ya uvamizi katika mpaka huo ilikoma kwa muda, kabla ya viongozi wa kisiasa kupatana.

Mkataba wa kumaliza vita na Khartoum ulitiwa saini jijini Nairobi mnamo Januari 9, 2005, na Sudan Kusini ikawa huru Julai 9, 2011. Uhuru huo haukudumu na amani. Mnamo Desemba 2013 mapigano yalizuka Juba kati ya askari watiifu kwa Rais Salva Kiir, ambaye ni Mdinka, na wafuasi wa Machar. Raia wa Kinuer walisakwa nyumba kwa nyumba na kuuawa. Vijana wa Kinuer wa Jeshi Jeupe, ambao asili yao ni walinzi wa mifugo wanaojipaka majivu, walichukua silaha kulipiza, na raia wa jamii nyingine wakauawa katika miji ya Bor, Malakal na Bentiu. Njaa ilitangazwa rasmi mwaka wa 2017 katika maeneo ya Leer na Mayendit, katikati ya nchi ya Wanuer. Mkataba wa amani wa mwaka wa 2018 ulimrudisha Machar serikalini, lakini mnamo Machi 2025, baada ya mapigano ya Nasir, alizuiliwa nyumbani kwake, na mwezi wa Septemba mwaka huo akafunguliwa mashtaka.

Mafuriko makubwa ya miaka ya karibuni nayo yamefunika malisho ya Bentiu na kuua mifugo mingi. Wanuer wengi wamekulia uhamishoni, wakiwemo wale wa kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka wa 1992, na wengine wamefika Marekani na Australia. Chale za gaar zimepungua miongoni mwa vijana.

Hitimisho

Historia ya Wanuer inawapa funzo wale wanaodhani kwamba sheria huanza pale serikali inapoanza. Sheria yao ilisimama juu ya nguzo tatu: muuaji ajulikane, jamaa zake wawajibike, na pande zote mbili zihitaji kuishi pamoja kesho. Serikali zilizofuata ziliwapa bunduki na kuziondoa nguzo hizo bila kusimamisha nyingine mahali pake. Kaskazini mwa Kenya, ambako jamii kadhaa zingali zinalipa dia huku bunduki zikizidi, jambo hili si hadithi ya mbali.

Wazee waliokutana Wunlit hawakuwa na chombo kingine ila kile walichorithi. Walimtafuta mwenye kifo, wakamtaja mbele ya watu, na kukubaliana juu ya malipo au msamaha. Mikataba iliyosainiwa baadaye katika hoteli za miji mikuu imegawa vyeo na wizara. Familia za waliouawa Juba, Bor na Bentiu bado zinangoja mtu wa kuja kuwasihi.